Mizimu na Mbingu: Safari ya The Good Ones wa Rwanda na Suala la Lugha ya Kati katika Upokezi wa Nyimbo za Kinyarwanda, 2010–2025

Ikisiri

Makala haya yanahakiki safari ya kisanaa ya The Good Ones, kundi la waimbaji wa gitaa kutoka Rwanda ambalo tangu mwaka 2010 limetoa albamu zake kupitia lebo za muziki wa kujitegemea za Marekani na Ulaya huku likiendelea kuimba kwa Kinyarwanda. Hoja ya makala ni kwamba upokezi wa kundi hili umepita katika Kiingereza pekee, na kwamba njia hiyo imebadilisha kile kinachosikika: nyimbo za mapenzi na za kazi zimepokelewa kama ushuhuda wa mauti. Kwa kuchunguza majina ya albamu na ya baadhi ya nyimbo, makala yanaonesha kuwa Kiswahili, kwa undugu wake wa Kibantu na kwa mikopo ambayo Kinyarwanda kimechukua kwake, kingeweza kuhifadhi maana ambazo Kiingereza kimezipoteza. Mapendekezo yanahusu tafsiri ya nyimbo katika nchi ambayo tangu 2017 imekitambua Kiswahili kama lugha rasmi.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2009 mtayarishaji wa muziki kutoka Marekani, Ian Brennan, alifika Rwanda akiwa na mkewe, Marilena Umuhoza Delli, mpigapicha na mtengenezaji filamu wa Kiitalia ambaye mama yake ni Mnyarwanda. Huko walikutana na waimbaji watatu: Adrien Kazigira, Janvier Havugimana na Stany Hitimana. Hawakuwapeleka studio. Sauti za waimbaji, gitaa na mazingira zilinaswa kwa pamoja, na mwaka uliofuata lebo ya Dead Oceans ya Bloomington, Indiana, ikazitoa nyimbo hizo katika albamu iliyoitwa Kigali Y'Izahabu. Baadaye zilifuata Rwanda Is My Home (2015), RWANDA, you should be loved (2019), Rwanda...You See Ghosts, I See Sky (2022) na Rwanda Sings with Strings (2025). Lebo zilibadilika njiani. Albamu ya 2019 ilitolewa na Anti- ya Los Angeles, ya 2022 na Six Degrees ya San Francisco, na ya 2025 na Glitterbeat ya Ujerumani.

Msomaji atambue jambo moja katika orodha hiyo kabla ya uchambuzi wowote. Albamu ya kwanza ina jina la Kinyarwanda. Nyingine zote zina majina ya Kiingereza, na kila moja kati ya hizo inalitaja jina la nchi. Waimbaji hawakubadili lugha ya kuimbia, ila kilichobadilika ni lugha ya mlangoni, ile inayomkaribisha mgeni na kumwambia atakachokikuta ndani.

Istilahi ya muziki wa kujitegemea inahitaji maelezo kidogo. Nchini Uingereza na Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ilihusu kwanza umiliki: lebo ndogo zilizotoa santuri nje ya himaya ya makampuni makubwa. Polepole ikawa pia jina la mtindo, yaani magitaa yasiyong'arishwa sana, sauti za waimbaji zisizosafishwa, na ari ya kupuuza chati za mauzo. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki aliyekua akisikia neno kujitegemea katika muktadha wa Azimio la Arusha la 1967, matumizi hayo yana kejeli yake. Msanii wa São Paulo au wa Seattle hujitegemea kwa hiari, kama msimamo. Mkulima wa Rwanda anayeimba jioni hujitegemea kwa sababu hana wa kumtegemea. Lebo hizi zilipomkuta mwimbaji wa aina hii ziliyachanganya mambo haya mawili, na kutokuwa na nyenzo kukasomeka kama uchaguzi wa kisanaa.

2.0 Njia tatu za kundi dogo

Ili kuona upekee wa njia ya The Good Ones, inafaa kuyatazama makundi mengine mawili ya zama hizo ambayo nayo yalianza mbali na vituo vya biashara ya muziki.

La kwanza ni Cansei de Ser Sexy la Brazili, maarufu kama CSS, lililoanza São Paulo mwaka 2003. Jina lake ni la Kireno, lakini sehemu kubwa ya nyimbo zake ni za Kiingereza. Albamu yake ya kwanza ilitoka Brazili mwaka 2005. Mwaka 2006 Sub Pop ya Seattle ikaisambaza kimataifa, na mwaka 2007 wimbo wake mmoja ukatumika katika tangazo la kampuni ya Apple. Hapa lugha ilivushwa na wasanii wenyewe. Hawakumhitaji mfasiri kwa kuwa walianza safari wakiwa tayari ng'ambo ya mto, na Kireno kikabaki kwenye bango la mlangoni. Ni kinyume kabisa cha Wanyarwanda wetu.

La pili ni Just A Band la Nairobi, lililotoa Scratch to Reveal mwaka 2008, 82 mwaka 2009 na Sorry for the Delay mwaka 2012. Mwezi Machi 2010 kundi hilo lilitoa video ya wimbo wa Ha-He, yenye shujaa aitwaye Makmende. Neno hilo lilikuwa likitumiwa na watoto wa Nairobi miaka mingi kabla ya hapo kumwita yeyote anayejifanya jabari, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba lilizaliwa kutokana na tamko la Kiingereza katika filamu ya Clint Eastwood, lililosikika visivyo na kupewa umbo la Kibantu. Katika siku chache Wakenya walikuwa wakitunga na kusambaziana vichekesho vya Makmende kwenye intaneti. Kwa mwanaisimu mfano huu ni hazina: kundi lilipata umma wake kwa neno moja ambalo umma huo ulikuwa umeshalimiliki. Mlango ulifunguliwa kutoka ndani.

The Good Ones walipata wasikilizaji wa mbali mwaka huohuo wa 2010, lakini bila lugha ya wasikilizaji hao na bila umma wa jirani. Kutoka mlimani nchini Rwanda nyimbo zilikwenda moja kwa moja Indiana na California. Hazikupita Nairobi, hazikupita Dar es Salaam wala Bujumbura. Hata leo ni nadra jina la kundi hili kusikika katika mijadala ya uhakiki wa muziki inayoendeshwa kwa Kiswahili, ilhali wahakiki wa magazeti ya Uingereza na Marekani wameliandikia mara nyingi.

3.0 Kinachosikika

Nyimbo zenyewe ni za umbo dogo. Kazigira, ambaye ni mkulima na ndiye mtunzi mkuu, huimba na kupiga gitaa la kawaida lisilo la umeme. Havugimana huimba sauti ya pili na kugonga mdundo kwa vitu vya nyumbani na zana za shambani. Katika kipindi cha baadaye Javan Mahoro naye ameshiriki. Sauti mbili hutembea karibu sana, wakati mwingine zikikwaruzana, na mwisho wa mshororo hukutana kwa namna inayomfanya msikilizaji ahisi kuwa zimeimba pamoja tangu utotoni. Albamu ya 2019 ilirekodiwa shambani kwa Kazigira, na hilo linasikika: kuna nafasi na kuna hewa.

Udhaifu pia upo. Kasi ya nyimbo nyingi inafanana, na anayesikiliza albamu nzima kwa mkupuo bila kuyaelewa maneno hawezi kulaumiwa akiona wimbo wa sita ni ndugu pacha wa wa tatu. Lakini hapo ndipo tatizo la makala haya linapoanzia. Utofauti wa nyimbo hizi umewekwa katika maneno, na maneno ndiyo yaliyoachwa nyuma.

Wahakiki wa ng'ambo huwa wanazihusisha nyimbo hizi na nyimbo za mashambani za Kimarekani na buluzi ya zamani. Ulinganisho huo si kosa, ila ni mvivu. Rwanda ina historia yake ya gitaa. Orchestre Impala na makundi mengine ya miaka ya 1970 na 1980 yaliacha hazina ambayo Wanyarwanda huiita karahanyuze, nyimbo za zamani zinazopendwa mpaka leo. Na katika kumbi za Kigali muziki wa bendi unaopigwa moja kwa moja usiku, igisope, bado unaziimba nyimbo hizo. Anayezijua karahanyuze husikia katika sauti mbili za Kazigira na Havugimana mwendelezo wa jambo analolifahamu, lililovuliwa besi, ngoma na umeme. Mhakiki asiyezijua humsikia mtu wa kale aliyetoka ardhini. Tofauti ya usikivu huo ni kubwa: wa kwanza anakuta wasanii waliochagua kupunguza, wa pili anakuta watu ambao hawakuwahi kuwa na zaidi.

Wala hii si mara ya kwanza kwa nyimbo za Rwanda kuondoka mikononi mwa mgeni mwenye kinasasauti. Mwaka 1952 Hugh Tracey alirekodi nchini humo muziki wa kasri la Mwami pamoja na wa raia, na kazi yake ikawa kumbukumbu isiyo na mbadala. Brennan si Tracey. Huwataja watunzi kwa majina, nyimbo hutolewa kama kazi za wasanii walio hai, na katika maandishi yake amekemea utawala wa Kiingereza katika biashara ya muziki duniani. Hata hivyo, yote mawili yanakutana mahali pamoja: maelezo yanayoifuata sauti hadi ng'ambo yameandikwa kwa lugha ya aliyeibeba.

4.0 Majina na hasara zake

Dhahabu

Tuanze na jina la 2010. Kigali Y'Izahabu ni Kigali ya Dhahabu. Msikilizaji wa Mombasa, Unguja au Bukavu hahitaji mfasiri hapa. Kihusishi y' ni ndugu wa ya, na nomino izahabu ni mkopo: Kinyarwanda kimeichukua kutoka katika Kiswahili, ambacho nacho kiliipokea kutoka Kiarabu. Kwa hiyo albamu iliyopelekwa Marekani kama sauti ya mlima uliojitenga imebeba katika jina lake neno lililosafiri kwa misafara ya biashara kutoka pwani. Ushahidi kwamba Rwanda ya nyimbo hizi haikuwahi kuwa kisiwa umo katika neno la pili la jalada.

Kupendwa

Jina la 2019 lina kitenzi cha Kiingereza chenye utata. Kauli kwamba Rwanda should be loved yaweza kuwa amri ya kimaadili au tamko la thamani. Mfasiri wa Kiswahili hana anasa ya kubaki katikati. Akisema Rwanda, unapaswa kupendwa, ameweka deni juu ya wengine. Akisema unastahili kupendwa, ameeleza sifa iliyomo ndani ya nchi yenyewe. Kinyarwanda, kwa neno ukwiye, huelemea upande wa kufaa na kustahili. Ikiwa hilo ndilo lililo karibu na fikra ya mtunzi, basi jina la Kiingereza linaruhusu usomaji ambao Kiswahili kingeuzuia: ule wa nchi inayoomba huruma. Mahakiki mengi ya nje yameufuata usomaji huo wa huruma.

Mizimu na mbingu

Jina la 2022 ndilo lililo tajiri kuliko yote. Kwa Kiingereza linamtofautisha anayeona ghosts na anayeona sky. Kwa msomaji wa Kiingereza neno la kwanza ni la kutisha: ni nafsi ya aliyekufa inayowasumbua walio hai. Neno la pili ni la utulivu wa kidunia, anga tupu la buluu.

Tuyatazame maneno ambayo Kinyarwanda kinayo kwa dhana hizo. Aliyefariki na ambaye bado anahesabiwa katika maisha ya ukoo ni umuzimu, wingi abazimu. Hao ni jamaa. Katika desturi za kale walitambikiwa kwa guterekera, wakapewa sehemu yao, wakaombwa radhi. Wanaweza kukasirika, kama jamaa yeyote anavyoweza kukasirika, lakini si wageni. Kiswahili kinalo neno hilohilo, mzimu, wingi mizimu, na ingawa filamu za siku hizi zimelisogeza upande wa kutisha, bado mzee wa Kiswahili akitaja mizimu anamaanisha waliotangulia na mahali pao pa kutambikiwa. (Kwamba shina hilohilo limetupa pia wazimu ni jambo ambalo wanafalsafa wa lugha wangelifanyia kazi siku moja.) Kwa upande wa pili, ijuru la Kinyarwanda ni anga na ni makao ya Mungu kwa pamoja. Kiswahili kina jozi: anga, ambalo ni la macho, na mbingu, ambalo ni la macho na la imani. Shina la ijuru limebaki kwetu katika juu.

Mfasiri anayelipitisha jina hilo katika Kiswahili akaandika Nyinyi Mnaona Mizimu, Mimi Naona Mbingu amebadilisha mjadala mzima. Hapo si suala la kuwatoroka wafu kuelekea mandhari nzuri. Wafu na mbingu wako katika ulimwengu mmoja, na msemaji anachagua pa kuelekeza macho yake. Makala haya hayadai kuwa hiyo ndiyo tafsiri pekee. Yanadai kuwa ni swali ambalo Kiingereza hakikuwahi kulazimika kujiuliza, na kwamba mhakiki aliyelikuta jina katika Kiingereza pekee hakuwa na njia ya kujua kuwa swali lipo.

Kuna pia wimbo wa 2019 ambao jina lake linamfananisha mke na jua linapozama. Kwa Kiingereza ni picha ya kadi ya posta. Kiswahili kikisema mke wangu ni mzuri kama machweo, kila aliyesoma ushairi wetu atasikia umri katika sifa hiyo: machweo ni saa ya kufunga kazi, ni jioni ya maisha. Sifa ya msichana ingekuwa mawio au mbalamwezi. Anayemsifu mkewe kwa machweo anasifu miaka waliyokaa pamoja. Hii ni sifa ya mwanandoa mkulima, na ni nzito kuliko kadi ya posta.

5.0 Ushuhuda usioombwa

Nyimbo nyingi za The Good Ones ni za mapenzi, za urafiki, za nyumbani na za kazi. Maelezo yanayoambatana nazo kimataifa, kinyume chake, karibu yote huanza na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Hakuna anayeweza kuyatenganisha maisha ya waimbaji hawa na tukio hilo. Ni manusura, nao wamelizungumzia. Tatizo ni la mpangilio. Msikilizaji anayeambiwa kwanza habari za mauaji, kisha akasikia wimbo wa kumwomba mpenzi arudi, atasikia maombolezo hata pale ambapo mwimbaji anatania. Lugha asiyoielewa haiwezi kumsahihisha.

Katika maelezo hayo hurudiwa pia kwamba kundi liliundwa na watu wa makabila yote matatu ya Rwanda kama alama ya uponyaji. Nia yaweza kuwa njema. Lakini maelezo ya aina hiyo yana hali ya kipekee ndani ya Rwanda, ambako kitambulisho cha kabila kiliondolewa katika nyaraka za taifa baada ya 1994, ambako mpango wa Ndi Umunyarwanda ulioanza 2013 unasisitiza uraia mmoja, na ambako hotuba kuhusu makabila husimamiwa kwa sheria. Kundi hilohilo linatakiwa kuwa mambo mawili kwa wakati mmoja: ng'ambo, makabila matatu yanayoimba pamoja, nyumbani, Wanyarwanda wanaoimba. Mhakiki wa kanda hii angeweza kuuona mvutano huo mara moja. Wahakiki wa mbali wameuona kwa nadra, na ni vigumu kuwalaumu sana, maana sisi wa karibu hatukuwaandikia chochote cha kusoma.

Dai jingine linalosambaa ni kwamba Kigali Y'Izahabu ilikuwa albamu ya kwanza ya nyimbo asilia za Kinyarwanda kutolewa kimataifa. Dai hilo haliwezi kusimama bila kuwekewa mipaka. Cécile Kayirebwa, aliyeishi Ubelgiji tangu miaka ya 1970 na aliyelea kizazi kizima cha Wanyarwanda wa uhamishoni kwa sauti yake, alikuwa na albamu iliyoitwa Rwanda katika orodha ya lebo ya GlobeStyle ya Uingereza mwaka 1994. Kumsahau Kayirebwa si kosa dogo la tarehe. Ni kuifuta mila ya utunzi ya Kinyarwanda iliyokwisha kujulikana nje, ili aliyegunduliwa mwaka 2009 aonekane ametoka pasipo na kitu.

6.0 Wageni waalikwa

Albamu ya 2019 iliwaleta pamoja wageni ambao kwa mpenzi wa roki ya kujitegemea ni orodha ya heshima: Nels Cline wa Wilco, Tunde Adebimpe wa TV on the Radio, Corin Tucker wa Sleater-Kinney, Kevin Shields wa My Bloody Valentine na Joe Lally wa Fugazi. Mtu angetarajia kelele. Kinachosikika ni unyenyekevu. Michango yao imekaa nyuma ya gitaa la Kazigira, mara nyingine karibu isisikike. Hilo ni la kupongezwa kisanaa. Lakini ukimya huo unazua swali: ikiwa nyimbo hazikuwahitaji, waliitwa kwa kazi gani? Jibu la wazi ni kwamba majina yao yalikuwa hati ya kusafiria. Yalimhakikishia msikilizaji wa Chicago kwamba pamoja na kutoelewa neno hata moja, yuko katika nyumba anayoifahamu.

Albamu ya 2025, iliyorekodiwa katika chumba cha hoteli jijini Washington, ni jambo tofauti, na kwa tathmini ya makala haya ndiyo yenye ujasiri zaidi tangu ile ya kwanza. Nyuzi za sello na fidla hazijifichi. Zinaongeza mstari wa tatu wa sauti pale ambapo awali kulikuwa na miwili, na mara kadhaa zinajibizana na mwimbaji badala ya kumfuata tu. Kwa mara ya kwanza uhusiano wa kundi na wageni unasikika kama mazungumzo. Tena yanafanyika ugenini, katika chumba cha hoteli, na si shambani kwa mkulima, jambo ambalo linavunja ile picha ya mwanamuziki asiyeweza kusikika vizuri nje ya mlima wake. Ni ajabu kwamba jina la albamu hii halimtaji mwimbaji: ni Rwanda inayoimba, taifa zima katika umbo la watu wawili au watatu. Mwanamuziki wa Ubelgiji hatakiwi kuibeba Ubelgiji kwenye jalada mara nne mfululizo.

7.0 Kiswahili kiko wapi?

Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, kikiungana na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Miaka 10 kabla ya hapo nchi ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mjadala wa sera uliofuata umejikita zaidi katika shule, forodha na utumishi wa umma. Sanaa imetajwa, lakini kwa namna moja: Kiswahili kama soko. Mfano unaotolewa mara kwa mara ni Bruce Melodie, ambaye wimbo wake Funga Macho, wenye jina la Kiswahili, ulirudiwa mwaka 2023 akiwa na Shaggy. Au The Ben, aliyeimba na Diamond Platnumz wimbo uliotoka mwanzoni mwa 2022. Mifano hiyo ni halali. Inaonesha mwimbaji anayeisogelea lugha ya kanda ili kuupata umma wa kanda.

Ipo kazi nyingine ambayo Kiswahili kingeweza kuifanya, nayo haimtaki mwimbaji abadilishe chochote. Ni kazi ya lugha ya kati: kuzifasiri nyimbo za Kinyarwanda kwa wasomaji wa Kiswahili, kuzihakiki kwa Kiswahili, na kuziacha ziendelee kuimbwa kama zilivyotungwa. Safari ya The Good Ones inaonesha gharama ya kutokuwepo kwa kazi hiyo. Kwa takribani miaka 15 kila anayetaka kujua wanasema nini ameyategemea maelezo mafupi ya Kiingereza kwenye jalada, hata akiwa anaishi Bukoba, mwendo wa siku moja tu kwa basi kutoka Kigali.

Kazi yenyewe si nyepesi, na washauri wa sera wasiambiwe vinginevyo. Undugu wa Kibantu hurahisisha sarufi lakini hautatui muziki. Kinyarwanda kina toni na urefu wa irabu unaobeba maana; Kiswahili sanifu kimepoteza vyote viwili na kutegemea mkazo wa silabi ya mwisho kasoro moja. Mahadhi yaliyojengwa juu ya toni za Kinyarwanda yatayumba yakipewa maneno ya Kiswahili. Kwa hiyo kinachopendekezwa hapa si nyimbo za kuimbika katika lugha zote mbili bali matini sambamba: maneno ya Kinyarwanda upande mmoja, Kiswahili upande wa pili, na maelezo mafupi pale panapokuwa na umuzimu au ijuru. Watu wa kuifanya kazi hiyo wapo. Biryogo na Nyamirambo, hapa Kigali, zina familia ambazo zimezungumza lugha zote mbili kwa vizazi kadhaa, muda mrefu kabla ya sheria ya 2017, na wakati ambapo Kiswahili kilidharauliwa nchini kama lugha ya soko, ya askari na ya Waislamu. Ujuzi huo wa nyumbani haujawahi kuchukuliwa kama rasilimali ya tafsiri ya fasihi.

Inteko y'Umuco, iliyoundwa mwaka 2020 na kukabidhiwa dhamana ya lugha na urithi wa utamaduni wa Rwanda, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao Zanzibar, zote zina mamlaka yanayogusa suala hili. Mradi wa kwanza wa pamoja hauhitaji kuwa mkubwa. Nyimbo 20 zingetosha: za Impala, za Kayirebwa, za Kazigira, zikikusanywa kwa ridhaa ya watunzi au warithi wao na kwa malipo yanayojulikana, kisha zikafasiriwa na jozi ya wafasiri, mmoja wa Kigali na mmoja wa pwani. Hilo la malipo lisichukuliwe kama tanbihi. Mtunzi ambaye maneno yake yamesafiri miaka 15 bila kusomwa ana haki ya kujua nani anayafasiri na kwa faida ya nani.

Mahali pa kuanzia panaweza kuwa jina lile la kwanza. Kigali y'Izahabu lina mizani saba. Kigali ya Dhahabu nalo lina mizani saba.